Muhtasari wa Kikao cha Tatu

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepona na kile kitambaa cha kulifunga umeshakiweka kabatini, na wenye maduka wa huko wameacha kuhamisha mawe ya mizani wakikuona unavuka barabara. Sisi huku hatujambo. Mimi ni mzima kabisa, na Mama ni mzima ukimtazama kwa mbali. Kabla sijaendelea nataka kukuahidi jambo moja: katika barua hii nitakueleza yote, hata yale ambayo mwenyewe sijayaelewa, na hayo ndiyo mengi.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ninayotumia ni ya Mama, na wewe hujapokea namba ya Mama tangu Aprili. Sikulaumu. Tena haya nikiyasema kwa mdomo nitalia katikati, utaniambia ninywe maji kwanza, na mazungumzo yataishia kwenye maji.

Habari za shule nizitangulize, kwa kuwa ndizo unazouliza siku zote. Muhula huu nimekuwa wa nne. Hesabu bado inanipiga chenga, lakini katika lugha hakuna aliyenipita, na mwalimu wetu wa lugha amesema nikiendelea hivi nitapelekwa kwenye mashindano ya insha. Alisema pia kwamba barua nzuri haimwachii msomaji kazi ya kukumbuka. Kwa hiyo nitaeleza hata mambo unayoyajua, unisamehe nikikuchosha.

Unakumbuka kampuni ilipoanza ilikuwa ni Mama, meza moja, na harufu ya lehemu inayoyeyuka iliyoingia mpaka kwenye sare zangu. Alikuwa fundi wa redio na pasi, kisha akabuni kile kisahani cha kuweka chini ya mtungi wa gesi, chenye miguu minne na taa tatu, ambacho hupima uzito wa mtungi na kukutumia ujumbe gesi inapokaribia kuisha. Mwaka jana alipata mwekezaji, na mwekezaji akatoa sharti: lazima kampuni iwe na bodi ya wakurugenzi, watu watano, mmoja wao awe mtu wake.

Mama aliisoma karatasi ile akiwa amesimama na mkoba bado begani, akaisoma tena, kisha akasema kumbe ni kamati ya harusi tu. Akachukua kalamu yangu akaanza kuandika majina papo hapo. Wa kwanza ni Mjomba, kwa sababu ni kaka mkubwa na kwa sababu alikuwa refa wa mpira miaka ishirini, kwa hiyo kutuliza watu anajua. Wa pili ni rafiki yake Mpambaji, ambaye kazi yake ni kupamba kumbi na ambaye hajawahi kumkatalia Mama jambo lolote tangu walipokuwa wasichana. Wa tatu ni yeye mwenyewe. Wa mwisho angeletwa na mwekezaji. Ikabaki nafasi moja. Mama aliitazama nafasi hiyo muda mrefu, akagonga kalamu mezani, kisha akaandika jina lako. Nilimwuliza mbona hapo amekawia. Alisema mdogo wake huyo, mkaguzi wa mizani, ni mgumu, atamtoa jasho. Lakini hakulifuta. Nakuambia hili kwa sababu sidhani kama mtu amewahi kukuambia.

Mimi nilipewa ukatibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Mama alisema hakuna haja ya kumtafuta karani nje wakati nyumbani kuna mtu anayeandika kama mashine ya chapa. Nilifurahi sana, Mama Mdogo. Nilinunua daftari lenye jalada gumu, nikalipigia mistari ya pambizo kwa rula.

Kikao cha kwanza kilinichanganya tangu kilipoanza, na sijui kama ulitambua, maana wewe ulikuwa mezani na mimi nilikuwa nimekalia kreti karibu na mlango. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Mpambaji alikuwa ameufunika kwa kitambaa cheupe cha harusi na kuweka katikati chombo cha maua ya plastiki, kirefu kiasi kwamba mtu wa mwekezaji alilazimika kuinamisha kichwa pembeni kila alipotaka kumwona Mjomba. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti, alikuwa ameweka saa yake ya urefa mbele yake. Aliyezungumza sana aliambiwa amebakiza dakika moja, na aliyezungumza kidogo aliambiwa hivyo hivyo. Huyo mtu wa mwekezaji alikuwa anamaliza kila sentensi kwa kusema nukta. Tulipotoka wewe ukaniuliza kwa sauti ya chini ngazini kama nimeandika nukta zote za Bwana Nukta, nikacheka hadi daftari likaanguka. Tangu siku hiyo hana jina lingine nyumbani kwetu.

Kilichonichanganya zaidi ni pale Bwana Nukta aliposema sasa tunajadili utendaji wa mkurugenzi mkuu, kwa hiyo mkurugenzi mkuu atupishe kidogo. Mama alidhani ni utani, akacheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka alinyanyuka akatoka, bisibisi mkononi. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango, amekaa kwenye ngazi, anaizungusha bisibisi hewani kana kwamba anafungua kitu nisichokiona. Na mimi mwanawe nilibaki ndani kuandika watu wanasema nini juu yake. Inawezekanaje mtu akaanzisha kampuni kwa mikono yake, akawachagua watu kwa kalamu ya binti yake, kisha watu hao hao wamtoe nje? Nilimwuliza Mjomba, akasema hizo ndizo sheria za mchezo. Nilimwuliza Mpambaji, akasema hata yeye hakuelewa ila alikubali. Nilimwuliza Bwana Nukta, naye alifikiri kidogo akasema bodi ni macho ya pili, nukta. Sikuthubutu kumwuliza ni ya pili ya nani.

Wewe peke yako ndiye uliyenijibu kama mtu mzima. Ulisema kama dada yako anataka kupigiwa makofi akodi bendi, wewe umekuja kukagua. Nilidhani huo ni ukali tu. Sasa nadhani haukuwa ukali, lakini sina hakika.

Nije kwenye kikao cha tatu, kile cha Machi, ambacho Bwana Nukta hakuhudhuria kwa sababu alikuwa safarini. Ajenda ilikuwa moja tu: visahani mia nne viko tayari, je, vipelekwe madukani? Mama alieleza vizuri, na Mpambaji akanyoosha mkono kukubali kabla swali halijaulizwa. Ulimwuliza anakubali nini. Akasema chochote atakachosema rafiki yake, yeye yumo. Mjomba akataka kufunga mjadala. Ndipo uliposimama, ukauburuta ule mtungi wa majaribio, ukauweka juu ya kisahani. Taa ikaonyesha gesi imebaki robo, na kweli ilikuwa robo. Kisha ukararua kipande cha boksi, ukakikunja mara mbili, ukakisukuma chini ya mguu mmoja wa kisahani. Taa ikapanda ikasema nusu.

Uliwaeleza kwamba mezani kwa fundi kila kitu kimelala sawa, lakini watu hawapikii mezani kwa fundi. Sakafu za jikoni zina nyufa, zina mabonde, zina vigae vilivyong'oka kona moja. Ukaomba miezi miwili ya majaribio kwenye jikoni za watu kabla kisahani hata kimoja hakijauzwa.

Mama alisema maduka yameshaahidiwa, na akasema usimletee mambo ya sokoni, yeye si mwuza nyanya anayeficha jiwe chini ya mizani. Ukamjibu kwamba mizani haijui nani ni dada wa nani. Mama akasema wewe tangu utotoni ukipewa embe unatafuta funza kwanza. Ukasema na yeye tangu utotoni akimkuta funza anamaliza kula gizani ili asimwone. Hapo Mpambaji alicheka, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Mjomba akafunika saa kwa kiganja akasema tumeingia dakika za nyongeza, piga kura. Mama, Mjomba na Mpambaji walinyoosha mikono. Uliponyoosha wako kupinga, ulinitazama mimi. Ulisema niandike.

Unajua kilichofuata hadi ulipoondoka. Usichojua ni kilichofuata hapa. Nilipotuma nakala za muhtasari, jibu lako lilifika baada ya siku nane, mistari miwili. Uliandika kwamba kwa kuwa hukusema lolote katika kikao cha tatu, kama muhtasari unavyoonyesha, huoni utakalosema katika cha nne, kwa hiyo unajiuzulu. Mama aliisoma, akasema umenuna kwa sababu umeshindwa kura. Akaitia kwenye droo ya skrubu. Mjomba alipopewa habari alisema kikao ndicho kinachopokea barua ya kujiuzulu, si droo, na mpaka kikao kikae wewe bado ni mjumbe. Tangu siku hiyo Mama hakutaji kwa jina. Akilazimika anasema mkaguzi.

Visahani mia nne vilikwenda madukani. Mpaka juzi vimerudishwa sabini na tatu. Watu wanakuja navyo kwenye mifuko, wanaviweka juu ya kaunta bila salamu. Alikuja mpishi wa shuleni akasema kisahani kilimwambia nusu, kumbe gesi inaisha, na watoto mia mbili wakakaa na sahani tupu mbele ya sufuria ambayo haikuwa imetoa hata povu. Alikuja mzee mmoja mpole sana. Huyu hakudai chochote, aliuliza tu kama kosa ni la kisahani au la sakafu yake, maana yuko tayari kurekebisha sakafu. Mama aliingia chumba cha nyuma. Nilimfuata baadaye nikamkuta amepiga magoti na pimamaji na vipande vya boksi, anasukuma kimoja chini ya mguu huu, kingine chini ya mguu ule, anaandika namba. Ameshatengeneza cha miguu mitatu, na hicho hakidanganyi hata ukikiweka juu ya kokoto. Kilimchukua wiki saba. Wewe uliomba miezi miwili.

Alhamisi iliyopita Bwana Nukta alirudi. Sikutegemea kumwona na uso ule, kwa sababu hakuwa na hasira, na nadhani mtu mwenye hasira angekuwa rahisi zaidi. Aliweka muhtasari wa kikao cha tatu mezani, mbele ya Mama, Mjomba na Mpambaji, akauliza swali moja: siku ile mlipokuwa wanne, hakuna hata mmoja aliyeuliza kisahani kitafanyaje kwenye sakafu mbovu? Alisema makosa ya ufundi hayamtishi, kampuni changa zote zina makosa. Kinachomtisha ni bodi ya watu wanne wanaokubali kwa kauli moja. Bodi ya namna hiyo, alisema, ni viti tu, nukta. Akasema imeandikwa hapa, na akagonga karatasi yangu kwa ukucha.

Nilingoja, Mama Mdogo. Nilingoja Mama aseme kwamba mdogo wake aliuliza. Mama aliitazama karatasi. Nikamtazama Mjomba, naye alikuwa anaitia saa ufunguo, saa ambayo ni ya betri. Nikamtazama Mpambaji, akawa anapangusa vumbi kwenye maua. Na mimi sina ruhusa ya kuzungumza mbele ya wajumbe.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, kutakuwa na kikao cha nne. Ajenda ya kwanza ni kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita. Ya pili ni kupokea barua yako ya kujiuzulu. Ya tatu ni uongozi wa kampuni. Bwana Nukta amesema wazi atapendekeza nini: Mama aachie ukurugenzi, abaki fundi mkuu, aletwe mkurugenzi kutoka nje, na bodi ijazwe watu wapya wanaojua kuuliza. Mjomba amelegea, anasema labda ni wakati wa kubadilisha wachezaji. Mpambaji analia tu. Kama pendekezo hilo litapita, Mama atakuwa anapokea maagizo katika chumba ambacho alipaka rangi yeye mwenyewe. Usiku anapanga nguo zilizokwisha pangwa.

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Si Mama aliyeyaondoa maneno yako kwenye muhtasari. Ni mimi.

Daftari langu lina yote. Lina nusu ukurasa juu yako: boksi, robo, nusu, nyufa, miezi miwili, na mwishoni nimeandika kura tatu kwa moja, mjumbe aliyepinga ametaka iandikwe. Lakini jioni nilipokaa kunakili kwa mwandiko safi, niliyaona maneno ya funza na ya mwuza nyanya, nikaona aibu kana kwamba ningewavua nguo nyinyi wawili mbele ya Bwana Nukta. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba muhtasari si kinasa sauti, haubebi magomvi, hubeba maazimio. Nikayaacha magomvi. Na kwa kuwa sikujua ugomvi unaishia wapi na hoja inaanzia wapi, niliacha vyote. Kisha nikaandika kwamba kikao kiliafiki kwa kauli moja. Nitakuambia ukweli: niliyapenda maneno hayo. Niliyaona yanapendeza. Nilidhani yakikaa kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, wewe na Mama mtayasoma na mtaona kwamba mlikubaliana, na likizo utakuja kulala kitandani kwangu kama zamani.

Ijumaa, kesho yake baada ya Bwana Nukta kuja, nilimwendea mwalimu nikamwonyesha daftari na nakala. Alizisoma zote mbili, akavua miwani. Aliniambia kuacha matusi si sawa na kuacha kura, na mjumbe anayepinga ana haki ya kuandikwa hata kama ni mmoja kati ya mia. Nilimwuliza nifanyeje. Alisema muhtasari hauwi muhtasari mpaka uthibitishwe. Mwenyekiti akishausoma lazima aulize kama kuna masahihisho, na hapo yeyote aliyehudhuria kikao kile anaweza kusimama na kusema si hivyo. Nilisema mimi nilihudhuria. Akasema mimi niliandika, sikuhudhuria. Mwenye kusahihisha ni mjumbe. Nilirudi nyumbani nikihesabu wajumbe waliokuwepo. Watatu wamekwisha kuitazama karatasi ile bila kusema kitu. Wa nne ni wewe.

Nilitaka kuishia hapa, Mama Mdogo. Jana niliandika barua nyingine inayoishia hapa hapa, nikaifunga na kuandika anwani yako. Niliona inatosha: utajua ni kosa la mtoto, utamsamehe dada yako, utakuja. Asubuhi nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa sababu nimeona ninakunakilia tena kwa mwandiko safi.

Mama alisoma rasimu yangu ya muhtasari kabla sijaituma. Alisoma akiwa kwenye benchi lake la kazi, kidole kinashuka na mistari jinsi anavyosoma michoro ya nyaya. Kilipofika penye kauli moja kikasimama. Kilikaa pale, nami nikatazama tone la lehemu kwenye ubao likigeuka kutoka kung'aa hadi kufifia. Kisha akaniuliza kama maneno hayo nimefundishwa shuleni. Nilisema ndiyo. Akasema nimeandika vizuri, mwanangu, niwapelekee watu.

Basi. Hilo ndilo sijui nilifanyie nini. Labda alichoka na alikuwa anafikiria maduka. Labda alidhani ndivyo mihtasari inavyoandikwa, maana yeye shule aliiacha mapema na huona kila nililofundishwa ni sahihi. Labda aliliona pengo akafurahi. Nimemtazama kila siku tangu Alhamisi na kila siku naona jibu tofauti. Wala sijamwuliza, kwa sababu nikimwuliza atajibu, na baada ya hapo nitalazimika kulijua jibu hilo maisha yangu yote.

Nimejaribu pia kufikiri kama mtu mzima. Nimegawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja nimeandika kwamba muhtasari ukisahihishwa, Bwana Nukta ataona bodi ya Mama ina macho, kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyemchagua mtu mgumu akijua ni mgumu, na huenda atamwacha aendelee kuongoza. Upande wa pili nimeandika kwamba muhtasari ukisahihishwa, ataona Mama alionywa akapuuza, kisha akakaa kimya mbele ya karatasi ya uongo, na atamwondoa siku hiyo hiyo. Pande zote mbili zimejaa sawasawa. Mwalimu hajatufundisha la kufanya zikijaa sawasawa. Sijui ninakuomba uje kumwokoa dada yako au uje kummaliza. Ninalojua ni kwamba ulisema niandike, na sikuandika.

Daftari litakuwa kwenye mkoba wangu Jumamosi, pembeni ya kreti. Ukisimama na kusema si hivyo, nitalitoa. Usipokuja sitakuwa na wa kumpa.

Mjomba anakusalimu, au angekusalimu kama angejua ninakuandikia. Mpambaji juzi aliniuliza kwa kunong'ona kama bado unavaa ule mtandio wa kijani aliokupa, nikamwambia ndiyo ingawa sijui, unisamehe na kwa hilo. Wape salamu jirani zako na yule binti wa duka la vitabu. Mama hajakutumia salamu. Lakini leo asubuhi alikiweka kisahani cha miguu mitatu sakafuni pale kwenye ufa, akasimama, akasema bila kumwambia mtu yeyote kwamba angependa mkaguzi akione.

Karani wa posta ameniambia barua ikipita kesho asubuhi utaipata Jumatano, na jibu lako likipita Jumatano hiyo hiyo litanifikia Ijumaa. Ijumaa jioni ndipo ninapoandaa karatasi ya mahudhurio. Mwalimu amenionyesha namna ya kuigawa safari hii: kuna sehemu ya waliohudhuria, sehemu ya waliotoa udhuru, na sehemu ya waliojiuzulu. Sitaki kubuni tena. Tafadhali nijibu kwa posta ya kurudi: jina lako niliandike wapi?

Mwanao anayekupenda,
Katibu